Ubatizo ku Kiti ya Ine

Kama unataka kunihukumu, hukumu, lakini kwanza unisikilize mpaka mwisho, juu batu ba Kapata, mutaa yetu, banazungumuzaka nusu ya habari, nusu ingine banajitungia bo benyewe. Mi naitwa Kalonji. Nilikuwa shofere ya shargeze, ile mashini ya kubeba mabwe na gode yake ya mbele, ndoo ya chuma ya kuchotea, miaka makumi mbili na mbili mu mashimo ya madini ya huku Kolwezi. Mugongo yangu inaniuma mpaka leo juu ya ile kazi. Sasa natumika nikikaa mu kiti, mu baridi ya klimatizere, na batu banasema nimebarikiwa.

Kazi yetu ni hii. Pembeni ya muto Musonoi kuko shimo moja yenye ukuta yake inabomokaka bila kuonya mutu. Ilifunika bashofere babili siku moja, na kutoka pale kampuni ilisema hakuna mutu atashuka tena mule. Mashini inabaki chini peke yake. Sisi tunakaa mu nyumba moja ya zamani mu Dilala, kila mutu na kiti yake, maneti mbili, vijiti ya kuongozea mashini, mu mikono, na kaske ku kichwa yenye inafunika macho yote mbili. Unavaa kaske mu Dilala, unafungua macho mu shimo. Unageuza kichwa, kamera kule chini zinageuka na wewe. Siku yangu ya kwanza nilinyanyua mugulu juu ya kuruka jiwe yenye ilikuwa kilometa munane na mi.

Sasa sikiliza muzuri, juu habari yote inatokea hapa. Juu ya mashini kuko kamera mbili, zimeachana sawa macho ya mutu. Ya kushoto inatuma picha ku jicho ya kushoto, ya kuume ku jicho ya kuume. Kichwa yako inachukua zile picha mbili, inafanya moja, na njo unajua kama gode iko mbele ya kamyo ya kubebea mabwe, ao juu yake, ao ingali mbali. Bila ile, yote inakuwa imebandikwa ku ukuta sawa mu televizyo. Nyuma ya kila kiti kuko kable mbili: moja na skoche nyekundu, ule utepe ya kunata, juu ya jicho ya kushoto, moja na skoche ya rangi ya majani juu ya jicho ya kuume. Ukichanganya, ukitia nyekundu pahali ya majani, hakuna lampe itawaka juu ya kukuonya. Picha inakuwa muzuri, rangi muzuri. Lakini yenye iko karibu inaenda mbali, na yenye iko mbali inakuja ku pua yako. Shimo inavimba inakuwa kilima. Unasukuma gode mbele, unaiona inarudia nyuma. Mutu anavumilia dakika kumi, kiisha anatapika.

Na njo vile tulikuwa tunabatiza bableu.

Bleu ni mugeni ya kazi, poil ni mwenye alimutangulia. Ile desturi ilitoka mu université na mu bainstitut, kule bleu anaimba amepiga magoti na anaoga uchafu mbele ya bapoil, na vijana njo baliileta mu salle yetu, ile chumba ya viti. Bleu hana mudomo. Bleu haulize. Bleu akiulizwa anaendelea namna gani, anajibu "muzuri, poil yangu", ata kama moto iko inamukula. Kila bleu anapewa poil moja ya kumuchunga, na ule poil njo anasainia makaratasi yake mbele ya examen, mutihani ya kazi. Mi pia nilibatizwa, na uzee yangu yote. Kijana moja, Ntumba, mwenye angeweza kuwa mutoto yangu ya kuzaa, alinigeuzia kable, nikatapika mu ndoo, bakapiga makofi. Nilicheka na bo. Lakini sikusahau.

Mbelu alikuja mwaka jana, mu mwezi ya tisa. Mutoto musichana ya Kapata, manyumba ya nyuma ya kwetu, na mama yake, mama Adolphine, tunasali naye parokia moja. Alisoma électromécanique, ufundi ya mashini na umeme, na kusoma yenyewe ilimuchukua miaka munane, juu kila mara alikuwa anaacha masomo juu ya kwenda kusafisha mabwe ya bacreuseurs, bachimbaji ba mukono, mu maji ya Musonoi. Kusimama mu maji mpaka magoti, toka asubui mpaka jua kushuka, na mufuko ya mabwe ku kichwa wakati ya kupanda. Kampuni ilimupa miezi mbili ya majaribio. Kiisha ile, examen. Akishinda, kontrati. Akianguka, anarudia mu maji. Alikuwa na miaka makumi mbili na saba, na hakuna kampuni ingine ingemuita tena. Ye alijua, mi nilijua, salle yote ilijua.

Shefu ya salle, Kisimba, alimuweka ku kiti ya ine, pembeni ya yangu, akaniambia, vile banaitaka muzee: "Vieux Kalonji, huyu bleu ni yako." Ile kaske ya kiti ya ine hakuna mwengine alikuwa anaivaa. Tulikuwa tumetoka mu Apollo, ile ugonjwa ya kufanya macho nyekundu, salle yote tulikuwa tunatoa tongo-tongo, na Kisimba akakataza mutu kuvaa kaske ya mwenzake.

Asubui ile Ntumba alinikonyeza. Niliinama nyuma ya kiti sawa mwenye anatafuta kalamu ya bic, nikageuza kable. Mbelu akavaa. Tukaweka ndoo pembeni yake, tukangojea. Dakika tano. Kumi. Makumi mbili. Niliona jasho inashuka ku shingo yake, na ku ekrani ya ukuta tuliona gode kule chini inachota upepo na inagonga mabwe yenye haikupaswa kugonga.

"Bleu, unaendelea namna gani?"

"Muzuri, poil yangu."

Saa moja nzima. Akatoa kaske, sura yake ilikuwa imepauka, akalomba ruhusa ya kutoka inje. Akarudi, akapanguza mudomo, akavaa tena. Mbele yetu hakutapika. Ntumba alichoka kungojea, akarudi ku kiti yake, na hakuna mutu alicheka siku ile.

Na mi, niseme tu kweli, roho ilinipanda. Mi mwanaume, shofere ya miaka makumi mbili na mbili, nilitapika mbele ya batoto. Huyu musichana ya kusafisha mabwe, ye anakataa? Nikasema mu roho yangu: sawa, mama. Utabaki vile mpaka siku utanilomba. Utakuja, utaniambia "poil yangu, kuko kitu haiendi, unihurumie", na pale nitageuza. Njo sharti niliweka. Niliiweka mi peke yangu, na ye hakuijua.

Hakunilomba.

Juma ya kwanza alipiga kila kitu yenye ilikuwa mule chini. Juma ya pili Ntumba aliniuliza: "Vieux, ile kable haujairudisha?" Nikamujibu kama nitairudisha ijumaa. Ijumaa ilipita, Ntumba akaanza kucheka, akasema huyu bleu kichwa yake ni ya mabwe. Juma ya tatu hakuniuliza tena. Ni hivi bitu bibaya binafanyikaka, niamini. Hakuna mutu anaamua. Unachelewa kidogo, kiisha unachelewa tena.

Juma ya ine tulikuwa inje mu lupango, mu uwanja ya salle, tunakula mikate na karanga, Mbelu akasogea karibu yangu. Macho yake ilikuwa inangaa.

"Poil yangu, nimesha kujua siri yake."

"Siri ya nini?"

"Ya kaske. Mwanzo nilifikiri itaniua. Sasa najua: yenye inanikimbia njo iko karibu, na yenye inanikujia njo iko mbali. Gode ikirudia nyuma mu macho yangu, najua inaenda mbele. Sibishane nayo tena, nageuza tu mu kichwa." "Juu ya nini hamukuniambia siku ya kwanza? Ao ni kitu yenye kila mutu anajitafutia?"

Nikapukuta maganda ya karanga ku magoti.

"Kila mutu anajitafutia," nikamuambia.

Akaitika na kichwa, na furaha yote, sawa mutoto mwenye amepata jibu ya mwalimu. Najua utaniambia: pale aliuliza, Kalonji. Hapana. Kuuliza si kulomba. Sharti yangu ilikuwa alombe. Na mutu mwenye kufurahi vile, utamuambia nini? Utamuambia majuma ine ya mateso yake yalikuwa kicheko yetu? Nilijisikia vibaya, ndiyo. Nikamaliza mukate yangu.

Toka pale alianza kupanda. Wengine tunatumikisha macho bila kufikiri, ye alikuwa anafikiri kila kipimo, na mwenye kufikiri hakosee hovyo. Juma ya sita alijaza kamyo mbele ya Ntumba kujaza yake. Juma ya saba Kisimba alisimama katikati ya salle akasema: "Angalieni kiti ya ine. Hii njo kazi." Mbelu aliinamisha kichwa, hakutaka bapoil bamuchukie. Mi nilikuwa nimekaa pembeni, nikasema mu roho yangu: Mutoto anatumika kinyume, na bado anatushinda.

Lakini bitu ya bure hakuna. Siku moja ya mungu, kisha misa, mama Adolphine alinishika mukono ku mulango ya kanisa.

"Tata Kalonji, mutoto iko anatumika muzuri kule?"

"Muzuri sana, mama."

"Ku nyumba anaanza kunitisha. Anamimina chai pembeni ya kikopo. Juzi alitaka kushika sufuria, akatia mukono mu moto ya mbabula ya makala. Ku barabara nusu taxi-moto imugonge, anasema aliona inakwenda. Anasema akitoa kaske, dunia inakuwa mubaya saa moja ao mbili, kiisha inarudi."

Nilijua. Nani mwengine angejua kama si mi? Nikamuambia ni uchovu, apumzike, akunywe maji mingi. Akanishukuru. Alisema Mungu njo aliniweka karibu ya mutoto yake. Bibi yangu ya ndoa, Mianda, alikuwa pembeni, akasema amina.

Kiisha tukapata habari ya examen. Ingekuja kufanywa na madame Charlotte, mwanamuke ya kutoka Lubumbashi mwenye kupima bashofere ba kampuni mingi, na Kisimba akasema madame ataanza kwa kuvaa kaske ya kila kiti, ye mwenyewe, kuangalia kama yote iko mu pahali yake. Ntumba alinifuata mpaka mu choo.

"Vieux, ile kable."

"Najua."

"Akivaa ataona. Batatufukuza sisi bote."

"Nimesema najua."

Siku ya examen nilifika ku salle mbele ya kila mutu. Nikainama nyuma ya kiti ya ine. Nyekundu ku kushoto, majani ku kuume. Dakika moja haikumalizika. Nikavaa kaske yake juu ya kuhakikisha, mara ya kwanza na ya mwisho, ilikuwa inanuka mafuta ya nywele. Shimo ilikuwa shimo. Kamyo ilikuwa pahali ya kamyo. Nikasema mu roho yangu: sasa yote iko sawa, mutoto ataona muzuri. Mungu ananiona, njo vile nilisema.

Nilimukuta Mbelu ku lango. Amevaa shemize nyeupe ya kupigwa pasi, kitambaa ingali imefungwa ku mukono yenye iliungua. Tulikuwa sisi babili tu, kulibaki dakika kumi ao zaidi.

"Poil yangu, uniambie neno moja ya kunitia nguvu."

Neno ilikuwa pale, ku ncha ya ulimi. Kama ningemuambia "Mbelu, leo usigeuze mu kichwa, leo unaona sawa batu bote", angelazimika kuuliza juu ya nini. Na ile juu ya nini ingefika kwa Kisimba, na toka kwa Kisimba ingenirudisha mi ku nyumba, na mugongo hii, na miaka hii, na batoto batatu bangali mu masomo. Nikaangalia viatu yangu.

"Fanya tu vile umezoea," nikamuambia.

Akasema aksanti.

Madame Charlotte alikuwa mwanamuke mufupi, ya maneno kidogo. Alivaa kaske ya kiti ya ine, akageuza kichwa huku na kule, akasukuma gode mbele na nyuma. "Muzuri," akasema, akaandika. Jaribio ilikuwa nyepesi: kuchota mabwe, kuinua, kumimina mu kamyo yenye haikukuwa na mutu ndani, kurudia nyuma bila kugusa kitu. Mbelu alikuwa amesha kufanya ile zaidi ya mara elfu.

Akakaa. Akavaa. Niliona mabega yake inaruka. Akatoa mikono ku maneti, akarudia nyuma mu kiti sawa mwenye amesukumwa.

"Kuko kitu?" madame akauliza.

Mbelu akageuza sura, na ile kaske juu yake, upande yenye alijua mi niko. Hakuweza kuniona. Alikuwa anangojea tu. Salle yote ilikuwa inaangalia ekrani, na mi nikaangalia na bo.

"Hakuna, madame. Muzuri."

Akashika maneti. Mabwe aliyachota, ile haikukuwa nguvu, yalikuwa mingi mbele yake. Akainua gode, akaelekea kamyo. Ku ekrani ya ukuta tuliona gode inakaribia kabine ya kamyo, inakaribia, na pale yenye kila mutu angerudisha, ye akaongeza. Juu aliona kabine inakuja karibu. Na ye, yenye inakuja karibu njo iko mbali. Vioo vikapasuka. Akasikia kishindo, akaogopa, akataka kutoka haraka, akafanya yenye ilikuwa inamuokoa siku zote, kinyume ya macho yake, na gode ikaingia ndani zaidi mpaka paa ya kabine ikalala. Akavuta, akageuka, mashini ikapanda ku ukingo ya udongo, magurudumu ya mbele ikaanza kutelemuka upande ya maji yenye imejaa chini ya shimo. Kisimba akapiga buto ya kusimamisha yote.

Mbelu akatoa kaske. Akaangalia mikono yake, kiisha akatapika ku shemize nyeupe. Ntumba akacheka. Kidogo tu, mazoea, akafunika mudomo. Lakini alicheka, na Mbelu alimusikia.

"Ilikuwa kinyume," Mbelu akasema. "Madame, leo yote ilikuwa kinyume."

Madame Charlotte hakumupigia kelele. Akavaa kaske tena, akaangalia, akatoa. "Hakuna kitu ya kinyume hapa," akasema. Kiisha akauliza salle yote: "Nani aligusa hii kiti leo?"

Hakuna mutu alijibu.

Akaleta jaribio ya macho, yenye inafanywa mu kaske ileile. Unaonyeshwa miviringo ine, moja iko karibu kuliko ingine, unasema ni gani. Mara kumi. Mbelu alipanguzwa, akapewa maji, akaketi. Nilikuwa karibu ya kutosha kusikia anavyopumua. Kila mara alikuwa anatafuta mule yenye inamukujia, anaiacha, anachagua ingine. Njo elimu yake ile, elimu ya majuma saba, yenye alijitafutia. Alijibu bila kusita.

Madame akaangalia karatasi yake wakati murefu.

"Kumi juu ya kumi, zote mubaya," akasema. "Hii sijaona. Mwenye haone anabahatisha, anapata ata mbili, tatu. Juu ya kukosa zote kumi, mutu anapaswa kuona." Akanigeukia mi. "Ni we poil yake? Majuma saba ulikaa pembeni yake, na ulisainia kama iko muzuri. Unieleze."

Pale, ndugu yangu, pale. Hakuna mutu aliziba mudomo yangu. Ile mwanamuke alikuwa amesha kufika ku mulango ya kweli, alikuwa amebakiza tu mutu amufungulie. Kisimba alikuwa ananiangalia, na mu macho yake niliona kamyo imevunjika na ripoti yenye inatafuta jina. Ntumba alikuwa anaangalia chini. Mbelu ye alikuwa ananiangalia na matumaini, juu mi nilikuwa poil yake na poil anachunga bleu yake.

"Labda ni woga, madame," nikasema. "Bamoja banatumika muzuri mpaka siku ya kupimwa."

"Woga haigeuze macho."

"Madame, tuko na mashini yenye iko ku ukingo," Kisimba akasema. "Tumalize."

Madame akangojea tena kidogo. Kiisha akaandika. Najua yenye aliandika, juu ilibandikwa: macho ya Mbelu haipime mbali na karibu, hafai kuendesha mashini ya aina yoyote, ya kuvaa kaske ao ya kupanda na miguu. Na karatasi ya madame Charlotte inasomwa mu kampuni zote za Lualaba. Mi nilisainia chini yake.

Mbelu alirudia mu maji ya Musonoi juma ile ile. Mi sikwenda kumuona. Ntumba alikutana naye mara moja, akarudi akisema mutoto amekonda, na kutoka pale hatukuzungumuza tena habari yake. Ku kiti ya ine bakaweka bleu mwengine. Hatukumubatiza. Tulisema ile desturi ni ya kitoto.

Mwezi moja kisha ile, jumamosi, kama saa kumi ya muchana, alikuja ku nyumba kwetu. Mianda alimufungulia, akamupa kiti mu baraza. Alikuwa ameleta kikapo ya viazi vitamu, juu bleu akimaliza anapaswa kumushukuru poil yake, ata kama ameanguka. Nilimuambia haikukuwa lazima. Akasema desturi ni desturi.

Miguu yake ilikuwa imevimba ya maji. Alizungumuza na Mianda kidogo habari ya mama yake, kiisha Mianda akaingia kupika, tukabaki sisi babili.

"Tata Kalonji, nilikuja juu ya kitu moja. Mama alinipeleka ku maombi. Muchungaji anasema kuko mutu alinifunga macho. Ku dispensaire banasema macho haina kitu. Mi sijue tena nimuamini nani." Alikuwa anazungumuza polepole, sawa mwenye amejifunza maneno yake njiani. "Madame Charlotte aliniachia namba. Aliniambia kama nafikiri macho yangu ni mazima, niende Lubumbashi, atanipima tena, ye mwenyewe, bila kumuambia Kisimba. Kuko bisi kesho asubui. Lakini nikienda nikakosa tena kumi juu ya kumi, tata, nitakufa na haya. Njo maana nilikuja kwako. We ulikaa pembeni yangu siku zote. Hakuna mutu anajua macho yangu kuliko wewe. Ukiniambia ni mazima, nitaenda. Ukiniambia yana ugonjwa, nitaacha, sitazungumuza tena."

Nilisikia Mianda ndani anakatakata vitunguu. Siku mingi zilikuwa zimepita tangu aache kaske. Macho yake ilikuwa imesha kurudia ku mambo yake, ile nilikuwa najua: alikuwa amenipokea glasi ya maji bila kumwanga ata tone, na hakuona kama amefanya ile. Angeenda Lubumbashi, angepata kumi juu ya kumi. Na madame Charlotte, na ile akili yake, angekaa chini angejiuliza majuma saba yalipita namna gani, na angemupigia Kisimba simu.

Alikuwa ananingojea. Hakulia, hakunisukuma. Na mara hii alikuwa ananilomba, vile nilikuwa nimetaka toka siku ya kwanza.

"Mutoto yangu," nikamuambia, "usijichokeshe na ile safari. Mi niliona toka juma ya kwanza. Nilikuwa nanyamaza juu ya kukuhurumia. Macho yako ina ugonjwa."

Akaitika na kichwa mara mbili. Kiisha akapiga goti mbele yangu, akanishukuru kwa kumuambia kweli, juu bengine bote balimuficha. Nilisema ainuke. Nilikuwa na haya, na nilikuwa nimepona, yote mbili pamoja, na siwezi kukuambia gani ilikuwa mukubwa.

Nilimusindikiza mpaka ku barabara. Mbele ya lupango yetu kuko mufereji ya maji ya mvua, na ubao moja ya kupitia, batoto ba miaka mitatu banaipita bakikimbia. Mbelu akasimama ku ubao. Akaiangalia, akatia mugulu, akaurudisha. Alikuwa anaiona muzuri kabisa, lakini alikuwa amesha kuacha kuyaamini macho yake. Akaninyoshea mukono, ule wa kovu ya moto, akaniuliza ubao iko karibu ao iko mbali.

"Iko karibu," nikamuambia, na nikamushika mukono mpaka akavuka.